Nilirudisha missed call ya mzee wa Lopur, familia nzima ikahama

Wakuu, nawasalimu kutoka Lodwar, ambako jua la leo limenyamazisha hata mbuzi.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Huu ni uzi wangu wa kwanza, na nimeuandika na kuufuta hadi dada yangu akaniambia niuweke au nizime simu watu walale.

Nitakayosema ni kweli, hata pale panaponichoma. Majina nimebadilisha. Mzee mwenye habari hii nilimwomba ruhusa, akasema niandike, mradi nisiwaambie watu ana mbuzi wangapi.

Kwanza mnijue kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa nilivyofika pale.

Mimi ni binti wa Nawoitorong, nje kidogo ya mji wa Lodwar. Baada ya kidato cha nne hakukuwa na karo ya kwenda mbele. Shangazi yangu anapika kwenye nyumba ya wageni ya akina mama pale karibu, na mimi nilikuwa nakaa nyuma ya jikoni, mahali ambapo Wi-Fi ya wageni inafika, najifunza. Kompyuta nilijifunzia hapo, nikasoma na kozi za bure za ushauri nasaha, kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Mtu aliyejifunza hivyo ana woga wa aina yake. Hana cheti cha kuonyesha, kwa hiyo anataka kila anachogusa kisiwe na kasoro. Ujumbe wa mistari miwili naweza kuusoma na kuurudia mpaka maneno yapoteze maana. Nikikosea jina la mtu asubuhi, jioni bado nalirudia kulitamka peke yangu.

Basi shirika moja dogo la afya ya akili likanichukua. Ofisi kuu ni Lodwar, na kuna chumba kimoja Kakuma, nje kidogo ya kambi ya wakimbizi. Mkubwa wetu ni Madam Akiru, muuguzi wa magonjwa ya akili wa miaka mingi, mama asiyepandisha sauti. Kakuma yuko Deng, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambini, mshauri wa kujitolea.

Hali ya simu niliyoikuta ilikuwa ya aibu. Simu ya ofisi ilikuwa inakaa kwenye droo. Ikilia, aliye karibu anaipokea. Kama hakuna aliye karibu, inalia mpaka inachoka. Wengine walikuwa wanaflash tu kwa sababu hawana credit, na hakuna aliyewarudia.

Madam Akiru akaniambia, "Hiyo simu nakupa wewe. Itengeneze."

Wakuu, nilifurahi kama mtu aliyepewa gari.

Nilikaa wiki nzima naandika script. Nilitaka kila anayepiga asikie kitu kimoja, awe Mturkana, Msomali, Mkongo au Mdinka. Kwa hiyo nikaamua kila simu ijibiwe kwa Kiswahili sanifu. Ilianza hivi: "Habari yako. Umepiga simu kwa shirika la huduma za afya ya akili. Mazungumzo yetu ni ya siri. Naomba jina lako kamili, umri wako na mahali ulipo."

Halafu nikaweka kanuni niliyojivunia kuliko zote. Kila missed call irudiwe siku hiyohiyo. Mtu asiye na credit asiachwe.

Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Deng aliponisikia mara ya kwanza alicheka hadi akakohoa. "Dada, unaongea kama tangazo la redio. Mimi mwenyewe naogopa kukuambia jina langu."

Nikanuna. Nilidhani ana wivu.

Watu wakaanza kukata simu. Wengi walikata pale kwenye "jina lako kamili". Mama mmoja wa kambini, Mkongo kwa lafudhi yake, alikuwa ameanza kulia kabla hata ya salamu. Nilipomuuliza nambari ya kadi yake ya chakula, kilio kikakatika, akasema, "Samahani, nimekosea namba," akapotea.

Deng alinieleza, bila kucheka safari hii. Kambini, kila ukiulizwa jina na nambari, kuna faili mahali. Mtu anasubiri miaka kusafirishwa nchi nyingine, na anaogopa neno moja kuhusu akili yake lisije likakaa kwenye faili hilo. Hakuna anayejua kama ni kweli, ila kila mtu anaogopa.

Nikaondoa swali la kadi. Mengine nikayaacha. Nilijiambia watazoea.

Sasa tuje kwa mzee. Nitamwita Lomuria.

Alianza kupiga wakati wa kiangazi kikali. Mimi ninapokea, namaliza maneno yangu yote, halafu ninasikia upepo na kengele za mbuzi. Kisha sauti nzito, ya taratibu:

"Ejok."

Hiyo ndiyo salamu yetu. Mimi, na Uturkana wangu wote, najibu, "Habari yako mzee. Naomba jina lako kamili."

"Watu ya Lodwar iko sawa?"

"Tuko sawa. Unapiga kutoka wapi?"

"Mvua iko huko?"

"Hapana, mzee. Tukusaidie na nini?"

"Mimi nauliza tu." Anakata.

Siku chache zinapita, anapiga tena. Watoto iko sawa? Mvua iko? Mbuzi ya kwenu iko na majani? Halafu anakata. Nikimwambia ataje shida, anasema anauliza tu.

Niliona ananipotezea muda. Nilimwambia Madam Akiru kuna mzee mpweke anayepiga kusalimia watu, na kwamba anashikilia laini wakati wenye shida hawapati nafasi. Madam akaniuliza, "Na wewe unamjibu nini?" Nikasema namwuliza shida yake. Akanitazama, ila mgonjwa aliingia wakati huohuo na mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa wale msiojua huku kwetu: mtu mzima haanzi na shida. Anaanza na mvua, mifugo, watoto, njia aliyopita. Hapo anakupima. Anasikiliza kama una haraka na kama una dharau. Shida inakuja mwisho, ikija. Haya nilizaliwa nayo. Babu yangu angeweza kusalimiana na mgeni mpaka chai ipoe. Lakini nilipovaa kitambulisho cha ofisi niliyavua, nikidhani kazi ya ofisi inataka hivyo.

Siku moja asubuhi nikakuta missed call yake. Alikuwa ameflash.

Kanuni ni kanuni. Nikarudisha.

Aliyepokea hakuwa yeye. Ilikuwa sauti ya kijana, na nyuma yake watu wengi wanaongea, redio inaimba. Sikuuliza ni nani. Nilianza script yangu, kwa sauti safi kabisa:

"Habari yako. Napiga kutoka shirika la huduma za afya ya akili, Lodwar. Tumepata simu kutoka nambari hii. Je, kuna mtu katika familia anayehitaji huduma zetu?"

Redio ikazimwa.

Nikasikia mwangwi wa sauti yangu mwenyewe, ndipo nikajua niko kwenye spika. Ilikuwa simu ya duka, Lopur, mahali watu wanaleta simu kuchaji kwa sola, na wasio na simu wanaazima ya mwenye duka. Mzee alikuwa akiiazima anatoka nayo nje peke yake, lakini ndani ya duka mtandao ni dhaifu, kwa hiyo kila simu inawekwa spika.

Mtu mmoja akasema kwa Kiturkana, huku anacheka, "Nani hapa ana wazimu?"

Na mwenye duka, bila ubaya wowote, akajibu, "Hiyo ni ya Mzee Lomuria. Yeye ndiye anaazimaga."

Hapa ndipo napaonea aibu hadi leo. Mimi nilisikia hayo yote na nilichohisi ni furaha. Hatimaye nilikuwa na jina. Nikasema, wote wakinisikia, "Asante sana. Tafadhali mwambie Mzee Lomuria tuko tayari kumhudumia."

Nikaweka alama kwamba simu imerudiwa. Nikanywa chai.

Mzee hakupiga tena. Wiki ya kwanza nilisema afadhali. Wiki ya pili nikaanza kuangalia simu kila mara. Kitu kilikuwa kinanitafuna na sikujua ni nini, mpaka nikamwomba Deng, kwa vile Lopur si mbali na Kakuma, apite amwone tu.

Alinipigia akiwa kule. Hakuniita dada wala tangazo la redio.

"Hakuna mtu," alisema. "Boma iko tupu. Uzio wa miiba umefunguliwa, majivu tu. Wamehama."

Mama jirani alimsimulia mengine. Mzee ana binti, nitamwita Apua. Baada ya kujifungua mtoto wake wa kwanza, Apua aliacha kulala. Akawa anaongea na watu wasiokuwepo. Siku moja alishuka kwenye laga, ule mto mkavu wa mchanga, jua la saa sita, mtoto mgongoni, akaenda tu, wakampata mbali sana. Baada ya hapo walimfunga mguu kwa kamba kwenye nguzo ya kibanda kila mama yake alipokwenda kuchota maji, na mtoto akalelewa na bibi. Kamba ilikuwa imeanza kumla kifundo.

Jirani huyo tu ndiye aliyejua. Wengine waliambiwa ana malaria isiyoisha.

Wakati huohuo mdogo wake Apua alikuwa ameposwa. Mazungumzo yalikuwa yamefika pazuri. Baada ya ile simu yangu dukani, neno likatembea. Wakwe wakaja, wakasema hawachukui msichana wa nyumba yenye wazimu, wakarudi na mifugo yao. Siku ya tatu mzee akabomoa boma. Walisema wanaelekea upande wa Lokiriama, kwa ndugu wa mke wake, kule mpakani na Uganda.

Apua alipandishwa punda. Bado amefungwa.

Nilimwambia Deng asubiri kidogo. Nikatoka nje, nikakaa kwenye kivuli cha kontena.

Fikirieni, wakuu. Simu ilipokuwa kwenye droo, haikumdhuru mtu namna hii.

Nilimwendea Madam Akiru na barua ya kuacha kazi. Nilikuwa nimeiandika vizuri, hata aya nilikuwa nimezipanga. Hakuisoma. Alinifanya nimsimulie kila kitu kuanzia ile ejok ya kwanza, na kila nikiruka mahali ananirudisha.

Nikamaliza. Kisha nikaanza mipango: tutangaze kwenye redio ya Kiturkana, tumpigie chifu wa kule, tupeleke gari na nembo ya shirika tutafute boma baada ya boma.

"Unataka kumtoa spika ya duka umtie spika ya redio?" aliniuliza.

Nikaichukua ile barua nikaikunja.

"Yule mzee alikuwa anakuja kwako," akasema. "Kila simu alikuwa anakaribia hatua moja. Sasa kaa chini, tufikirie jinsi ya kumwambia mlango haujafungwa, bila mtu mwingine kusikia kuna mlango."

Jibu lilitoka kwenye kitu nilichokuwa nakidharau. Huku kwetu salamu zinasafiri. Mtu anayepeleka sukari na tumbaku mpakani anabeba pia salamu za watu, na hakuna anayeshangaa, kwa sababu salamu haina siri ndani yake. Madam aliwajua wachuuzi wawili wa njia ya Lokiriama. Hatukuwaambia sisi ni nani kwa mzee. Ujumbe ulikuwa huu tu: yule msichana wa simu wa Lodwar anamsalimia Mzee Lomuria. Anasema kwao mvua haijanyesha. Anauliza yeye kama ameona majani.

Basi.

Kusubiri, kwa mtu kama mimi, ni adhabu. Hakuna cha kurekebisha. Kila siku niliwaza ile kamba na joto la njiani. Nilikuwa naamka nikiwa nimeuma meno. Niliisoma ile script tena na tena nikitafuta neno lililokosewa, na halikuwepo. Kila sentensi ilikuwa sahihi.

Simu ililia mchana, mara moja, ikakatika. Nambari ngeni.

Sikuirudisha mara moja. Niliita Madam. Akavuta kiti, akakaa.

Nikapiga. Ikapokelewa, na sikusema lolote. Nilisikia upepo mkali, kama mtu yuko juu ya kilima. Baadaye nilijua kwamba kule mtandao unashikwa kilimani tu.

"Ejok," nikasema.

"Ejok nooi," akajibu. Njema sana.

Tuliongea Kiturkana, kwa hiyo hapa nawatafsiria. Nilimuuliza kama njia ilikuwa njema. Akasema njia ilikuwa na jua. Nikauliza mbuzi. Akasema wawili walikufa, wengine wanatembea. Akaniuliza watu wa Lodwar. Nikamwambia wapo, shangazi yangu ana mafua. Akacheka kidogo, akasema mafua ya kiangazi yana kiburi. Nikamwambia mvua haijafika. Akasema na kwao ni mawingu tu yanapita yakienda Uganda.

Kila kitu ndani yangu kilitaka kuuliza, yuko wapi, yuko hai, kamba je. Madam aliweka mkono wake juu ya meza, karibu na wangu, bila kunigusa.

Salamu zikaisha. Sikuongeza swali.

"Siku zile ulikuwa hujui Kiturkana?" akauliza.

"Nilijua, papa. Nilikuwa nakificha."

"Ile siku ya duka uliongea sana."

"Niliongea sana. Nisamehe. Nilikuharibia nyumba."

Hakusema amenisamehe. Nataka mjue hilo. Upepo ukapiga simu, nikadhani amekata.

Kisha akasema, "Mguu wake unanuka. Kuna mtu wa kuja bila gari lenye maandishi?"

Madam Akiru alikuwa ameshasimama.

Walikwenda kesho yake na gari la kukodi, la kawaida kabisa, lililobeba magunia ya unga juu. Madam na Deng, ambaye alitoka Kakuma kwa basi la asubuhi. Mimi nilibaki na simu. Madam aliniambia kazi yangu iko hapo.

Kwa yeyote aliyeuliza pale bomani, walisema ni wageni wa mzee kutoka Lodwar. Walikunywa chai kwanza. Walisifu mbuzi. Deng aliniambia baadaye kwamba alidhani atapasuka, msichana yuko hatua chache ndani ya kibanda na wao wanajadili majani. Halafu mzee mwenyewe akainuka, akaingia, na wakasikia kisu kinakata kamba.

Apua alilazwa Lodwar. Mguu ulikuwa mbaya ila haukukatwa. Dawa zilimchosha mwanzoni, akawa analala tu, mama yake akadhani tumemmaliza. Taratibu akaanza kuuliza mtoto wake yuko wapi. Siku walipomletea, alimwangalia muda mrefu kisha akasema amekuwa mzito. Mama yake alitoka nje akalia ukutani.

Sitawadanganya kwamba mambo yote yalinyooka. Wakwe wa mdogo wake hawakurudi. Huyo binti alikuja hospitalini kumwona dada yake, tukakutana kwenye korido, na alipojua mimi ndiye msichana wa simu akageuka akaenda zake. Ana haki. Na Apua, ambaye amerudi kwa wazazi wake kule mpakani, bado ana siku mbaya.

Ile script niliifuta. Sasa nikirudisha missed call ninasalimia tu, kwa lugha ya atakayenijibu nikiiweza, na sitaji shirika wala ugonjwa mpaka nijue nani anasikiliza na kama yuko peke yake. Nikiulizwa mimi ni nani, nasema ni msichana wa Lodwar, mtu alinipigia kwa namba hii nikiwa mbali na simu. Kama anayejibu si yeye aliyepiga, naacha salamu. Watu wanaopiga kusalimia tu siwahesabu tena kama usumbufu. Yule mama Mkongo hakupiga tena, na kila sauti ya lafudhi ile ikija najiuliza.

Sijapona kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Hata uzi huu nimeubadilisha mwanzo wake leo asubuhi. Lakini nimejifunza kwamba mtu mwenye maumivu kwanza anasikiliza kama nina nafasi naye, na maneno yangu yanafuata baadaye. Nilikuwa nimetengeneza simu inayonilinda mimi nisikosee, na nikaiita huduma.

Wiki iliyopita ililia. Nambari ya kilimani.

"Ejok," nikasema.

"Ejok nooi." Haikuwa sauti ya mzee. Ilikuwa ya mwanamke kijana, na karibu naye mtoto analalamika.

"Mvua iko huko?" akauliza.

"Bado. Kwenu?"

"Imenyesha jana. Nilitoka nje nikaiangalia."

Nikasubiri. Na yeye akasubiri. Mtoto akatulizwa.

"Nauliza tu," akasema Apua, akakata.

Sikurudisha. Atapiga.

Wakuu, nimefika mwisho. Mnaoshika simu za watu, iwe hospitali, kanisani, polisi au shuleni, nyinyi mnaanzaje na mtu asiyetaka kusema? Na wewe uliyewahi kupiga mahali ukakata kabla ya kusema shida yako, ni neno gani lilikufukuza? Niambieni hapa chini, hata kwa ukali. Nitasoma yote, mniruhusu tu nichelewe kujibu.